Binti yangu anaziba masikio nikiweka dansi

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Mimi ni fundi friji, naishi Mbagala na mke wangu na binti yetu wa miaka minne, ambaye ndiye wa kwanza na kwa sasa ndiye pekee. Safu yako huwa tunaisoma pamoja, mke wangu akicheka na mimi nikinuna, maana mara nyingi unawasema kina baba. Leo imefika zamu yangu.

Marehemu baba yangu alifanya kazi reli, miaka mingi akiwa Morogoro, na watu wa Morogoro wa enzi zile unawajua: dansi, ule muziki wa bendi za magitaa na tarumbeta, lilikuwa kwenye damu. Alipofariki, ndugu zangu waligawana vitu vingine. Mimi nilichukua sanduku la kanda, santuri chache, na redio kaseti yake ambayo nimeitengeneza mwenyewe na inapiga vizuri tu. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Msondo, Sikinde, Maquis, waimbaji na bendi, wote wamo. Tangu binti yangu azaliwe nilijiapiza kwamba atakua anaujua muziki huu, asije akawa kama watoto wengine wasiojua walikotoka.

Basi Jumapili nikiwa sina kazi namkalisha kwenye kochi, naweka kanda, namweleza: huyu anayeimba ni fulani, hilo ni gitaa la solo, sikiliza la rizimu linavyojibu. Haipiti hata dakika. Anateleza chini ya kochi, anaziba masikio kwa vidole, anasema, "Baba zima hiyo, weka wangu." Wimbo wake ni mmoja wa katuni, wa Kiingereza, uko kwenye simu ya mama yake. Ukiisha anataka tena. Ukiisha, tena. Imefika mahali nauota usiku. Mama yake ananiambia nimwache, hicho Kiingereza kitamsaidia akianza shule.

La pili ndilo linaloniumiza. Mtaani kwetu vigodoro, zile sherehe za usiku kucha, haviishi, na sabufa ya jirani inapiga singeli tangu asubuhi. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Lushoto, mtu mzima, mtu wa swala tano. Tumekaa tunakula, binti akasimama katikati ya mkeka, akaimba kipande cha singeli chenye maneno ambayo siwezi kukuandikia, huku akikata mauno kama mtu mzima. Mimi kicheko kikanitoka. Kisha nikamwona mama mkwe alivyoinamisha uso, nikamchapa mtoto kofi. Tangu siku hiyo haimbi nikiwepo. Namsikia yuko bafuni na mama yake anaimba, nikifungua mlango wa mbele ananyamaza. Na mama mkwe kaondoka akiacha neno kwamba mtoto wa kike asizoeshwe muziki kabisa, wa aina yoyote.

La tatu, fundi mwenzangu ananiambia nirushiwe kwenye fleshi muziki wa Mozart nimwekee mtoto, ati unaongeza akili, Wazungu walishathibitisha. Ni kweli?

Niseme pia kwamba mimi mwenyewe siwezi kuimba, Bibi. Shuleni kwenye kwaya niliambiwa niwe nachezesha mdomo tu.

Nisaidie.

Baba Binti, Mbagala


Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile kofi, maana mengine yote yamekwama nyuma yake. Hebu itazame siku ile kwa macho ya mtu wa miaka minne. Kasimama mbele za watu, kaimba, baba kacheka. Kicheko cha baba kwa mtoto ni ukumbi mzima umesimama. Kabla hajamaliza kufurahi, baba yuleyule kampiga. Neno lenyewe halijui maana yake, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua kwamba kosa lilikuwa neno. Alichoelewa ni kwamba ukiimba mbele ya baba unapigwa. Na mtoto mwenye akili, akishaelewa hivyo, anafanya anachofanya binti yako: anahamishia uimbaji bafuni.

Kwa hiyo redio kaseti ikae kwanza. Mwite mtoto, kaa chini mpaka nyuso zenu zilingane, mwambie kwa maneno machache: "Siku ile bibi alipokuja ulipoimba, nilikupiga. Haikuwa sawa kukupiga. Mimi napenda ukiimba." Ishia hapo. Usiunganishe na hotuba ya maneno machafu, utaharibu vyote viwili. Najua wako watakaosema mzazi hamwombi radhi mtoto. Nimefundisha chekechea miaka mingi, na watoto wa wazazi wa namna hiyo nilikuwa nawatambua wiki ya kwanza ya muhula: ukiinua mkono kuandika ubaoni, wanainama.

Baada ya hapo usimwombe aimbe. "Hebu muimbie baba" ndiyo sentensi inayoua sauti za watoto kuliko zote, hasa mgeni akiwa sebuleni. Wewe chukua ule wimbo wake wa katuni unaouota usiku, uimbe mwenyewe huku unafunga kamba za viatu au unaosha vyombo, na uukosee makusudi. Mahali wanapotaja ng'ombe, wewe taja friji. Mahali pa kupanda sauti, shuka. Mtoto wa umri huo anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia joto la Dar la mwezi wa pili, lakini hawezi kuvumilia mtu mzima anayeukosea wimbo anaoujua yeye. Atakuja kukurekebisha. Mara ya kwanza atasema neno tu, "Siyo hivyo!" Ukosee tena. Atakuimbia ili ujifunze. Kufikia hapo mtakuwa mmeshatoka kwenye lile kofi bila yeyote kulitaja tena. Na uone faida nyingine: kwa shughuli hii, yule asiyejua kuimba ndiye anayefaa zaidi.

Sasa maneno machafu. Kwanza tusidanganyane kwamba muziki wa zamani ulikuwa wa malaika. Fungua hilo sanduku la mzee, sikiliza maneno kwa makini: mahawara, walevi, wake wenza, mshahara ulioishia kilabuni. Taarabu ndiyo usiseme, mpasho mmoja unaweza kuvunja ndoa mbili. Na nyimbo za unyagoni, ambazo mama zetu walizipigia ngoma milango ikiwa imefungwa, zinayataja yale yale yaliyomwinamisha uso mama mkwe wako, na kwa uwazi zaidi. Tofauti ni kwamba zilikuwa na mahali pake na watu wake. Ngoma ya ndani ilibaki ndani. Sabufa imeuondoa mlango.

Basi mlango urudishe wewe kwa maneno. Akiimba kipande kile tena, na ataimba kwa sababu jirani anampigia kila siku, usicheke na usifoke. Uso wa kawaida kabisa, kama mtu aliyeambiwa bei ya nyanya. Mwambie: "Huo ni wimbo wa wakubwa. Tuimbe wetu," kisha anza wenu papo hapo. Ukisita sekunde tano umempoteza. Neno lisilochekwa na lisilopigiwa mtu kofi linakosa ladha, litamtoka lenyewe. Kikikutoka wewe kicheko siku nyingine, geuka utazame ukuta.

Mauno yake mwache. Anakata mauno kwa sababu anaishi pwani na ana kiuno. Tuliokulia Dar tuliifuata ngoma ya mdundiko mtaani mpaka tukapotea njia ya kurudi nyumbani, na hakuna aliyetuuliza tafsiri ya mdundo. Singeli imezaliwa Uswahilini huku huku Dar, ni ngoma ya mtaa wa binti yako kama dansi lilivyokuwa la mtaa wa baba yako. Ukimwonyesha kwamba unaidharau, umemfundisha tu kukuficha. Mdundo bila maneno upo, cheza naye. Kama ni sauti kubwa inayotikisa dirisha usiku kucha, hilo ni la mjumbe na serikali ya mtaa, wala siyo la mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri vifaa vya kusikilizia muziki vya watoto visizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, wakati mtu mzima amepewa 80. Masikio yao ni ya kutunzwa, na spika za masikioni za mama yake zibaki za mama yake.

Haya, tufike kwenye dansi, maana hapo ndipo nilipokuonea huruma.

Unaniandikia kwamba binti yako hapendi muziki wako. Nimeisoma barua yako tena, naona kitu kingine. Unamkalisha kwenye kochi ili akutane na babu yake. Ni jambo zuri, na kwa mtoto ni zito kupita kiasi. Mtoto aliyekalishwa hasikilizi kanda, anautazama uso wako, na anaona baba mwenye huzuni anayetaka kitu kutoka kwake, kitu asichokijua. Hata mimi ningeteleza chini ya kochi.

Na wewe fundi umesahau jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Wimbo wa dansi una dakika saba, nane, wakati mwingine zaidi. Nusu ya kwanza ni pole, mwimbaji anasimulia kisa chake beti kwa beti, magitaa yanamsubiri. Kisha wanageuza, wanaingia chemko: solo linaanza kuzunguka, tarumbeta zinaita, tumba zinapanda, waimbaji wanarudia kijineno kimoja mpaka mwisho. Watu wazima ukumbini nao wengi walikuwa wanangoja chemko ndiyo waache bia mezani. Wewe unamtaka mtu wa miaka minne azivumilie dakika nne za malalamiko ya ndoa kabla ya kuruhusiwa kucheza!

Anzia chemko. Isogeze kanda mpaka pale wanapogeuza, uweke alama kwa kalamu kwenye kasha ujue ni wapi, na muziki ukiwaka usiseme chochote. Simama ucheze. Cheza vibaya kama unavyoimba vibaya. Mbebe umpandishe mabegani, au apande juu ya miguu yako mshikane mikono mwende naye. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wa kucheza, na majina kama Msondo na Sikinde yalikuwa ya mitindo kabla watu hawajayafanya kuwa ya bendi zenyewe. Mwonyeshe babu alivyokuwa akicheza. Naamini unakumbuka, hata kama ni bega tu alivyolilegeza. Kwamba Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 na akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 ni mazungumzo yangu na yako tukikaa barazani na kahawa. Yeye mpe vitu vya saizi yake: babu alikuwa na viatu gani, alikuwa anajipaka nini kichwani akitoka, nani alimkanyaga ukumbini. Mwambie Morogoro mji mmoja ulikuwa na Morogoro Jazz na ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na watu wakigawanyika kama Simba na Yanga. Mtoto wa Mbagala hilo analielewa bila tafsiri. Kisha muulize mtoto babu alikuwa upande gani. Akibuni jibu, mwache na jibu lake.

Redio kaseti nayo ifanye kazi. Simu haina cha kushika, kioo tu kinateleza. Kanda ina mlango wa kufungua, ina kitufe kinachogoma kidogo halafu kinaingia kwa kishindo, ina magurudumu mawili yanayozunguka ukiyachungulia. Yeye ndiye awe wa kubonyeza. Na mfundishe kurudisha kanda kwa kalamu ya biki, ile ya pembe sita inayokaa barabara kwenye tundu la gurudumu, kama tulivyokuwa tukifanya kuokoa betri. Mpe kanda usiyoililia, maana ataivuta mkanda wote nje siku moja, hilo nakuhakikishia. Zile za thamani peleka kwanza kwa mtu anayerusha kwenye fleshi. Unyevu wa Dar unaotesha ukungu kwenye kanda hausubiri mtoto akue.

Mkiwa mnacheza, atataka kupiga. Chupa ndogo ya maji tia konzi ya mtama au mchele, kifuniko kibane kwa gundi ya nguvu kisifunguke mdomoni mwake, manyanga tayari. Atapiga nje ya mdundo. Kwa miaka minne ni wachache wanaoweza kushika mdundo mmoja ukakaa, hiyo inakuja na ukuaji wenyewe. Ole wako nikusikie unamshika mkono kumrekebisha. Wewe cheza kwenye mdundo, naye atakufuata akiweza.

Ile nusu ya kwanza ya wimbo, ya pole, tusiitupe. Hiyo ni ya usiku. Taa imezimwa, neti imeshushwa, hakuna redio: vuma tu kwa pua ile sauti ya mwimbaji, taratibu, bila maneno. Mwendo wake ni wa kubembeleza kabisa. Unasema shuleni walikuambia uchezeshe mdomo. Aliyekuambia alikuwa anatafuta kikombe cha mashindano. Mtoto anachotafuta ni kifua kinachotetemeka karibu na sikio lake, na sauti ya baba ameisikia kabla ya kuiona sura yake, kwa sababu masikio huanza kazi akiwa bado tumboni. Mkienda hivi, mchana chemko na usiku pole, siku moja atasikia kanda ikianza toka mwanzo na atashangaa kwamba vipande vyote viwili anavijua. Isipotokea, mmecheza na mmelala vizuri.

Lakini hayo yote yana sharti: zamu. Wimbo mmoja wako, mmoja wake, na wa kwake unausikiliza kwa heshima ileile unayoitaka kwa Marijani. Unalalamika anataka uleule tena na tena. Mwanangu, wewe mwenyewe umesikiliza kanda zilezile tangu ukiwa mdogo. Mtoto anarudia kwa sababu anafurahia kujua kinachokuja. Dunia yake imejaa mambo ya ghafla, anaogeshwa, anabebwa, anaambiwa twende, ukiwemo na ule mkono wako. Wimbo anaoujua ni mahali ambapo yeye ndiye mwenye habari. Muulize ni kipande gani anakipenda. Jibu litakushangaza, mara nyingi ni kijisauti fulani cha nyuma ambacho mimi na wewe hatukukisikia.

Simu ni habari nyingine, na hapa naongea na mkeo. Mama, nia yako nzuri. Lakini lugha mtoto anaichukua kwa mtu anayemjibu, na kile kioo hakimjibu. Akikariri wimbo wa Kiingereza peke yake pembeni, anakariri sauti, kama alivyokariri singeli. Ukitaka umfae, uimbe naye, umwonyeshe hili ni jicho na hili ni goti. Tena Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Ikiwa ni lazima katuni, za Kiswahili zipo, na zimetengenezwa hapa hapa: Ubongo ya Dar es Salaam ina vipindi vyenye nyimbo kwa watoto wa umri wa binti yenu, vya kuhesabu na vya herufi, na waliomo wanaujua muhogo.

Fundi mwenzako na Mozart wake. Huo uvumi una mzizi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika kwenye jarida la Nature kwamba wanafunzi 36 wa chuo kikuu, waliposikiliza Mozart kwa dakika kumi, walifanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa. Watu wazima, robo saa. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Habari ikatembea ikinenepa njiani, mpaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apelekwe nyumbani na muziki huo. Mozart ni mtamu, mwekee kama unampenda. Akili za shule hazitoki humo.

Kuna utafiti mwingine ambao fundi mwenzako hakuusikia kwa sababu hauuziki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walichukua watoto wa miezi 14, kila mmoja akabebwa na kurushwarushwa kwa muziki mbele ya mtu mzima. Wengine mtu yule alikuwa akidunda pamoja nao, mdundo mmoja. Wengine alikuwa akidunda kivyake. Baadaye mtu huyo akaangusha vitu kama kwa bahati mbaya. Waliodunda naye pamoja walikuwa wepesi zaidi kumwokotea. Muziki ulikuwa uleule kwa wote, na sehemu iliyowagusa ilikuwa ule mwendo wa pamoja. Hilo kochi lako, Baba Binti, lina kosa moja tu: wewe unaongea na mtoto amekaa, hakuna mwendo wa pamoja.

Masikio nayo yanafuata kinachopigwa nyumbani. Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto wa Amerika ya Kaskazini wa miezi sita waling'amua makosa kwenye midundo ya nchi za Balkan, midundo ya kuchechemea ambayo kwao haipigwi, sawa na ile ya kawaida. Walipotimiza mwaka mmoja, sikio lilikuwa limeshachagua la kwao. Waliosikilizishwa ile migeni wiki mbili tu nyumbani wakaipata tena. Binti yako amekulia kati ya singeli, kaswida, adhana, matangazo ya daladala, katuni na rizimu ya Maquis. Hana upungufu.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye rahisi. Usibishane naye juu ya muziki na dini, wala usimpelekee utafiti wa Canada. Muulize mkeo kwanza: alikuwa analazwa na wimbo gani alipokuwa mdogo? Hakuna mtoto wa Lushoto aliyelelewa bila bembelezo la Kisambaa, na aliyeliimba ni huyo huyo mama. Mpigie simu, msalimie, mwombe radhi kwa siku ile kama mkwe anavyotakiwa, kisha mwambie mjukuu anataka kufundishwa wimbo aliomlazia mama yake. Simu usiishike wewe, mpe mtoto na uondoke chumbani. Na mpigie simu baada ya Isha, mama akiwa ameshaondoka kwenye mswala.